Kitanda cha Bibi Garufalia

Chupi ya kuogelea ya mgeni ilining'inia kwenye msumari juu ya kitanda, pale ambapo taji za harusi za bibi zilikaa miaka yote, ikiudondoshea mto maji ya chumvi.

Kila kiangazi sisi huhamia ghalani, chini, na wageni wa bei nafuu hulala vyumbani mwetu. Kijiji kizima hufanya hivyo. Bibi Garufalia hakuwahi kulalamika. Lakini mwaka ule alilala kati ya madebe ya mafuta ya zeituni, amebaki mifupa na macho, na kila nilipomnywesha maji aliuliza lile lile.

"Anthula, wameondoka?"

"Bado, bibi."

"Mama yako nilimzaa kwenye kitanda kile. Babu yako alikata roho pale pale. Mimi nife huku na panya?"

Nilimfikishia mama maneno hayo. Alikuwa anajifunga kitambaa kichwani, tayari kwenda gatini na kibao chake cha VYUMBA, kugombania na majirani zake wageni wa meli ya mchana.

"Mwambie avumilie mpaka Jumamosi."

"Kwani kifo kinajua Jumamosi, mama?"

"Na wewe umeota ulimi lini? Niwafukuze hawa, gati zima liseme kwangu mimi Stamatia kuna maiti? Januari utakula nini, mawimbi?" Bibi ni mama yake mzazi. Akajifuta uso kwa kiganja, akakikwapua kibao, akatoka.

Mimi sikuzoea kubisha. Nilimaliza shule ya msingi, nikaambiwa basi, kaa ufue shuka, nikakaa, nikafua. Lakini adhuhuri ile pumzi ya bibi ilianza kukwaruza kama jembe kwenye kokoto. Wageni, mume na mke, walikuwa ufukweni. Nikambeba mgongoni, nikapanda ngazi za mawe. Alikuwa mwepesi kama nguo zilizokwisha kukauka.

"Polepole, mwanangu, utanimwaga," akasema, akacheka kidogo.

Nikaitupa ile chupi dirishani, nikarudisha taji msumarini. Shuka lilijaa mchanga na harufu ya mafuta ya kujipaka juani. Nilipangusa, nikapangusa, mchanga hauishi. Bibi akapapasa godoro upande wa babu.

"Nani kaleta pwani humu?"

"Upepo, bibi."

Na kweli upepo ulikuwa umeamka, ule wa Agosti, unaowafukuza watu ufukweni. Nikasikia malapa kwenye ngazi, na kicheko. Dirishani, mbali, meli ilikuwa imefika. Katika vile vibao vilivyoinuliwa gatini, kimoja kilikuwa cha mama.

Bibi alikuwa amenishika kidole.

"Wameondoka?"

"Wameondoka."

Nikakichomoa kidole taratibu, nikaenda mlangoni, nikageuza ufunguo. Kitasa kikashuka, kikarudi, kikashuka tena. Nikaketi kitandani, upande wenye mchanga, nikamrudishia kidole chake.