Mwamba wa Mayai

Siku ile walikuwa wanne, Lenora, na Josette mwanawe wa miezi mitano aliyefungwa mgongoni, na Delbert kaka wa Lenora, aliyeendesha boti kutoka kijijini kwao Hoonah, na Mama Mkubwa Irma, dada wa marehemu mama yao, aliyekuja na chupa ya chai na ulimi wake, wanne tu, na shakwe hakuna, hata mmoja, na Lenora amesimama na ndoo tupu akitazama mwamba ambao mama alikuwa akimleta kila Juni kuokota mayai, mwamba mtupu, mweupe, wenye kelele za ndege hadi unaziba masikio, na sasa ni vichaka, vichaka vya alda vimempita kimo, na katikati yake misonobari michanga imejipanga kama watoto wa shule... labda tumekosea kisiwa, lakini jiwe lile lenye ufa ni lile lile, hapo ndipo mama alipokaa kukung'uta viatu, "Vimerefuka," Delbert alisema nyuma yake, ameshika kamba ya boti, vimerefuka, amesema vimerefuka, "Vimerefuka kuliko lini?" aliuliza bila kugeuka, na kaka yake akaanza habari za upepo, na upepo ule ukamwambia yote, miaka mitatu, tangu mama afe, Delbert amekuwa akija mlangoni na ndoo iliyotandikwa majani, "Haya dada, ya mwamba wa mama hayo," na yeye akiyachemsha moja moja, akila polepole, akilia, mwaka jana akimwambia mtoto tumboni onja, hii ni chumvi ya kwa bibi yako, na Delbert akasimulia hata jinsi shakwe walivyomdonoa kofia, kofia gani, shakwe gani, ulikaa jikoni kwangu ukanywa kahawa yangu ukatunga kofia... ndiyo maana wiki nzima injini ilikuwa mbovu, ikipona injini upepo unakuwa mbaya, hakutaka nije, na mimi nimemvika mtoto sweta jipya aje aonyeshwe kwao.

"Wewe Delbert, umetuleta kuokota mayai au kuchanja kuni?" Mama Mkubwa alitania, akimimina chai, na mkono wake umetulia, hashangai, mbona hashangai, naye alijua, wote walijua, wangeniambia vikiwa vya magotini ningekuja na panga, hata na mimba, ningeviondoa, "Ningeving'oa kimoja kimoja!" akajisikia akisema kwa sauti, "Ungeng'oa, vingeota," Mama Mkubwa akajibu, "unadhani nani kavipanda? Shakwe wako hao hao, miaka nenda rudi wanakunya juu ya jiwe, jiwe likapata udongo, udongo ukapata nyasi, nyasi zikaleta alda, alda ikanenepesha udongo, halafu msonobari unakuja kukalia jasho la wenzake kama mkwe mvivu," akacheka peke yake, "na kabla ya ndege ilikuwa barafu, mlima mzima wa barafu ulioshuka ukafunika kila kitu, na kabla ya barafu ilikuwa misonobari, na nyumba za wazee wetu chini yake, barafu ndiyo iliyotufukuza, mwanangu, ndege ni wapangaji tu"... kumbe weupe ule alioupenda ulikuwa kidonda, mama alimlea juu ya kidonda, na anachokilaani sasa ni ngozi inarudi, sawa, irudi, lakini ngozi haikuja mlangoni kwangu na ndoo, haikuniita dada ikanidanganya.

"Mama ndiye alinikataza," Delbert alisema, taratibu, "ile Juni yake ya mwisho tulipata viota vinne tu, akaniambia Lenora katoka kuzika mtoto juzi, asizikishwe na mwamba, tukaenda miamba ya mbali kukutafutia," mama, hata mama, na yale mayai aliyoyaweka kando ya kitanda changu akasema nimekuchagulia mwenyewe, kila mwaka alinifundisha, kiota chenye yai moja au mawili chukua, ndege atataga tena, chenye matatu kipite kwa kunyata, huyo ameshaanza kuatamia, usimsumbue, na wao walinipita hivyo, kwa kunyata, wakinong'ona, mimi ambaye wakati ule sikuwa na hata moja... ungeniambia, mama, ningelia mara moja badala ya mara mbili, nawe umekufa, sina wa kumgombeza ila huyu, "Panda dada, maji yanakupwa, boti litakwama," na alipogeuka kumgombeza akaona kwamba muda wote huo Delbert amesimama ndani ya maji yale, maji baridi ya kukata mifupa, yamempita magoti, akilizuia boti lisisogee ili dada yake na mtoto wasije wakalowa, na akakasirika kwamba ameliona, akatamani asingeliona, maana mtu akikusaliti angalau akusaliti na miguu mikavu, na mgongoni Josette amenasa tawi la alda, anavuta, anacheka, hajui palikuwa na mwamba hapa, kwake hapa ni majani tu, ni mahali pa majani, "Dada," Delbert aliita tena, na Lenora bado amesimama, ndoo mkononi, hajapanda.

Juni iliyofuata walikwenda miamba ya mbali, na Lenora ndiye aliyeendesha boti.