Siku ya Tano Handakini

Siku nne mfululizo askari walikataliwa kufa.

Si wao waliokataa. Wao walikuwa waigizaji, kufa ndiyo kazi iliyowaleta, na walikuwa tayari. Waliokataa ni akina mama. Mwongozaji wa filamu hiyo ya vita, ambaye kila mtu alimwita Bwana Kata kwa kuwa ndilo neno alilolitamka kwa kelele kutwa, alikuwa amezialika familia za askari waliokufa kweli zije kutazama, ili filamu iwe na ukweli. Akawapangia viti kando ya handaki. Sasa kila baruti ikilia, kiti kinaanguka, mama wa mtu anaruka handakini na kumburuta anayemwigiza mwanawe kwa ukosi.

"Kata! Jamani mama zangu, wasipokufa hawa filamu haiishi!"

"Si afe wa huyu," alisema mama mmoja, akimwonyesha mwenzake kwa kidevu. "Wangu mwache kidogo."

"Wangu ndiye afe? Umeamka vizuri wewe?"

Fundi cherehani aliyasikia hayo akiwa kwenye hema la nguo. Kazi yake ilikuwa kutoboa matundu ya risasi kwenye sare, na kwa kuwa hakuna aliyekufa, jioni aliyaziba, asubuhi akayatoboa tena. Lakini si hilo lililomnyima raha. Mama yake naye alikuwa kwenye vile viti, na ndiye aliyekuwa kinara wa kuvuta ukosi.

Kaka yake fundi alikufa vitani miaka tisa iliyopita. Barua ilikuja, mwili haukuja. Tangu hapo mama alisema mwanawe yuko kazini, na mwaka huu alikuwa ameanza kushinda mlangoni, hali wala hanywi, macho barabarani. Fundi alimleta huku makusudi. Alitaka mama amwone mwanawe akifa, japo kwa kuigiza, kabla kungoja hakujammaliza.

Siku ya tano akamfuata kwenye kiti.

"Mama, leo usimvute."

"Kwa nini nisimvute?"

"Kwa sababu siku ile hukuwepo kumvuta."

Mama akaangalia viatu vyake.

Aliyeigiza kaka aliitwa Kijiti, kijana mrefu, mwembamba, asiyefanana na marehemu hata kwa ukucha. Bwana Kata alishamtisha: atakayeinuka kabla hajasikia "kata", kazi hana. Baruti ikalia. Kijiti akaanguka chali kwenye matope.

Mama akainuka.

Mama hakuvuta kitu. Alishuka taratibu, akapiga magoti, akamfumba macho. Akamnyoosha mguu mmoja, wa pili ukagoma, akaukandamiza kwa goti. Kisha akavua mtandio wake akamfunga kidevu. Kijiti akapiga chafya.

"Tulia," mama alisema. "Umekufa."

"Samahani, mama."

"Maiti haiombi samahani."

Bwana Kata alikuwa analia, amelisahau kabisa neno lake. Mdudu akapanda shavuni kwa Kijiti, mama akamtoa. Akamweleza habari za nyumbani: paa limebadilishwa, dada yako siku hizi ni fundi, anasifiwa. "Na ile pikipiki yako," alisema, "nilivyoigombeza! Nilijua itakuua. Kumbe haikuwa hiyo." Hapo kilio cha miaka tisa kikatoka chote. Akina mama wengine wakashuka mmoja mmoja, wakakaa matopeni, kila mtu na maiti wake.

Alipomaliza, alimfungua Kijiti kidevu, akampangusa ile damu ya rangi.

"Haya, baba, amka. Nenda kwa mama yako, asije akakungoja."

"Kata!" Bwana Kata alikumbuka. Mpiga picha akamnong'oneza jambo sikioni. Bwana Kata akaja amekunja mikono kama mtoto aliyevunja sahani.

"Mama yangu, sijui niseme nini. Kumbe kamera haikuwashwa. Hatukupata hata kidogo. Tunaweza kurudia?"

Mama alijitanda mtandio, na matope yake.

"Wangu keshakufa, mwanangu," alisema. "Hafi tena."

Akampa bintiye mkono, wakaanza kupanda kutoka handakini, mama akilalamika kwamba walioichimba ngazi ile hawajawahi kuwa na magoti.