Kilo Hamsini na Nane

Dambeli ilipomkalia kifuani, Winchi alipata nafasi nzuri ya kuitazama dari ya chumba chake, akagundua kwamba inahitaji rangi. Alikuwa amelala chali juu ya benchi, chuma cha kilo thelathini kimetulia juu ya mbavu zake kama mgeni asiye na haraka ya kuondoka. Chuma cha pili kilikuwa kimeshaanguka, kikavunja vigae viwili na kubingirika hadi chini ya kabati. Nguvu za kukiondoa kilichobaki hakuwa nazo, na pumzi ya kuita watu hakuwa nayo pia.

Aliokolewa na jirani, ila si kwa huruma. Fundi Saa alikaa na mkewe mlango wa pili, na meza yake ya kazi iliegemea ukuta wao wa pamoja. Aliingia bila hodi, kioo cha kukuzia kimebana jichoni.

"Kuna gurudumu la saa ya mteja limeruka," alisema. "Dogo kuliko mbegu ya ufuta. Umeangusha kitu chako, likaruka. Nusu saa nzima nalitafuta kwa magoti." Ndipo akamwona vizuri. "Umelala au umekufa?"

"Nitoe," Winchi alinong'ona.

Fundi Saa amezoea kushika vitu kwa kibanio. Alikikamata chuma kwa mikono miwili, akakivuta upande, kikaenda chini kwa kishindo cha pili, na ng'ambo ya ukuta kikasikika kitu kingine kikidondoka.

Winchi si jina alilopewa na wazazi. Alipewa na wenzake kwenye yadi ya makontena, anakoendesha kreni mwaka wa kumi na tisa sasa. Tani ishirini anazishusha juu ya yai, yai likabaki yai. Tatizo ni kwamba hayo yote anayafanya kwa vidole viwili, ameketi, na kiti chenyewe kina mto. Miaka kumi na tisa ya kunyanyua tani ilikuwa imemwachia mikono ya karani na tumbo la meneja. Nyumbani alikuwa peke yake. Mke aliyekuwa naye aliondoka kwa amani, akaondoka na friji pia.

Chuma alikitafuta kwa sababu ya Mama. Mama alivunjika nyonga miaka miwili iliyopita na hakusimama tena. Tangu siku hiyo alikaa kwa dada yake Winchi, ambaye ni nesi wa wodi ya mifupa, mtu anayejua kazi yake na anayejua kwamba anaijua. Winchi alikwenda kuwasalimu kila Jumapili, akakaa dakika arobaini, akasema "Mungu atasaidia", akaondoka huku moyo ukimsuta njia nzima. Mama aliposema kwamba sasa anataka kwenda kukaa kwa mwanawe, Winchi alifurahi mpaka akashindwa kumaliza chai. Hata mke wa Fundi Saa alikubali kukaa na mgonjwa saa za zamu ya Winchi.

Dada hakukubali.

"Utamwangusha," alisema. "Mama ana kilo hamsini na nane. Kutoka kitandani, kuoga, choo, kurudi kitandani. Mara sita kwa siku, siku nzuri. Wewe umewahi kunyanyua nini bila injini?"

"Nipe miezi mitatu, dada."

"Chukua. Nitamleta mwenyewe, nione kwa macho. Ukishindwa narudi naye, na hadithi hii tusiirudie tena."

Winchi alinunua dambeli mbili za kilo thelathini. Jumla sitini, zile mbili za ziada alizihesabu kuwa za blanketi. Jimu alikwenda mara moja tu, vijana wakamwita mzee na kumletea kiti, akaapa kwamba atafanyia mambo yake nyumbani. Na nyumbani ndiko chuma kilikomkalia.

Baada ya ajali ile mtu mwenye akili angeuza vyuma. Winchi alirudi kwenye kanuni za yadi. Kule mzigo haupandi kwa kamba moja. Lazima iwepo ya pili, ya kuudaka ya kwanza ikikata. Kwa hiyo mkono wake ukiwa ndio kamba ya kwanza, ya pili iko wapi? Alitafuta vyuma vilivyoachwa, akampelekea mchomeleaji wa mageti, na baada ya wiki moja chumba cha nyuma kilikuwa na nguzo nne zilizofungwa kwa boliti sakafuni na mhimili mmoja mnene juu. Katikati ya mhimili alining'iniza kapi la mnyororo, la kupandisha vyuma kutoka sakafuni hadi usawa wa kifua, maana hapo ndipo wanaojinyanyulia peke yao wanapochana mabega. Kila dambeli aliifungia mnyororo mfupi usioiruhusu kufika kifuani wala sakafuni. Kila moja akaiongezea kamba iliyopita juu ya roda, kigurudumu cha mhimilini, na kushuka upande wa pili, mwisho wake ukiwa na mfuko wa mchanga wa kilo nne, ili mkono ukisaliti chuma kishuke taratibu. Alivaa na kofia ngumu. Ukutani alitundika kibao cha kazini: USIPITE CHINI YA MZIGO. Kisha akalala chini ya mzigo.

Mifuko ilishonwa na Fundi Saa mwenyewe, kwa turubai, kwa mkono, mishono midogo ya kupendeza. Aliishona mikubwa kupita kiasi. Winchi hakuuliza kwa nini. Mtu akikusaidia humpimii kitambaa.

Wiki ya kwanza alinyanyua mara tano, akitetemeka hadi meno. Mwezi wa pili alifika ishirini. Mwezi wa tatu alikuwa akinyanyua huku anapiga mluzi. Asubuhi alikwenda kazini na kuacha ufunguo kwa jirani, ili mke wa Fundi Saa aandae chumba cha Mama polepole. Jioni alirudi na kukuta vyuma vimekuwa vyepesi kuliko jana. Sakafuni palikuwa na mchanga kidogo, akalaumu viatu vyake.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na huyu alijisifu mwenyewe bila kusubiri watu. Alinunua shati la mikono mifupi, saizi moja chini. Yadini alianza kufungua milango kwa mkono mmoja, hata ile ya kusukuma kidogo tu. Alimpigia dada simu. "Sitini sasa nazichezea," alisema. "Kama vikombe vya chai." Dada akasema watakuja Jumamosi.

Walikuja saa nne asubuhi. Mama alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, amevaa kitenge chake kizuri na mkoba mapajani, mkoba uliojaa, wa mtu aliyekuja kukaa. Fundi Saa alichungulia, akasalimia, akarudi kwake haraka kuliko kawaida.

Winchi aliwaonyesha. Alilala kwenye benchi, akanyanyua mara kumi, akaongeza tano kwa ajili ya Mama. Mama alipiga makofi. Dada alizunguka ile mashine, mkono mmoja nyuma ya kiuno, kama anavyozunguka vitanda vya wodini.

"Umejifunza kunyanyua umelala," alisema mwishowe. "Mama naye utajilaza chini yake?"

"Nguvu ni nguvu, dada."

"Na hizi kamba?"

"Usalama."

"Mama hana kamba. Zifungue."

Winchi alifungua ya kwanza kwa tabasamu. Mfuko wa mchanga uliokuwa juu, ukiwa umepoteza mwenzake, ulishuka wima na kupiga sakafu kwa kishindo kilichomfanya Mama akumbatie mkoba. Kigae cha tatu kikaenda. Winchi anajua uzito kwa sauti, ndiyo riziki yake, na sauti ile haikuwa ya kilo nne. Ilikuwa ya ishirini na tano. Alisimama na kamba mkononi, akatoa ishirini na tano kwenye thelathini kichwani, akarudia hesabu mara mbili akitumaini jibu tofauti. Kilo tano. Muda wote ule alikuwa akipigia mluzi uzito wa kapu la nyanya.

Fundi Saa alikuwa ameshafika mlangoni, kioo jichoni.

"Nilikuwa naongeza kikombe kimoja tu kwa siku," alisema. "Kila upande."

"Kikombe kimoja," Winchi alirudia.

"Nikiwa na saa ya mtu mkubwa, viwili. Niliogopa kitaanguka tena, jirani. Nikaona chuma kikipungua wewe unafurahi, mimi nafanya kazi. Sikujua kuna mtihani. Nilipojua, ulikuwa umeshanunua shati."

Asiyekubali kushindwa si mshindani, lakini Winchi alijaribu. Aliifungua dambeli mnyororo wake, akaishusha kwa kapi hadi sakafuni, akaikamata kwa mikono yote miwili, akavuta. Upande mmoja uliinuka kiasi cha kupitisha gazeti, ukarudi chini. Alijaribu tena, shati likachanika kwapani. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililomuumiza. Aliketi kwenye benchi, akavua ile kofia ngumu na kuipakata. Alikuwa na miaka arobaini na saba na alitaka kulia mbele ya mama yake.

"Basi, Mama," dada alisema, kwa upole, jambo lililozidi kuharibu. "Tumeona. Twende."

Mama hakugusa magurudumu. Alikuwa ameinua kichwa, anatazama juu.

"Ule mnyororo wa katikati," alisema, "unabeba kiasi gani?"

"Nusu tani, Mama."

"Na mimi nina kilo ngapi?"

Winchi alitazama kapi, akamtazama mama yake, akatazama kapi tena. Miezi mitatu alikuwa amelala chini ya jibu akijitahidi kulifanya kwa mikono. Mtu wa kreni, akajenga kreni, kisha akaisukuma pembeni ili anyanyue mwenyewe.

Kuanzia hapo hakuna aliyemfundisha kazi. Fundi Saa, ambaye hakusubiri kuombwa, alifumua ile mifuko yake, akamwaga mchanga uani na kuunganisha turubai kuwa kikalio kipana chenye mgongo, mishono ileile midogo, mara mbili kila mahali. Winchi alipitisha chini yake mikanda ya yadini, ile mipana isiyokata ngozi. Benchi lilitolewa, na kitanda cha Mama kikahamishiwa humo humo chumba cha nyuma. Walipandisha kwanza dambeli zote mbili, wakaziacha juu wakati chai inachemka. Kisha alipandishwa Fundi Saa, kama adhabu, akazungushwa mara moja hewani akiwa ameshika kioo chake. Dada alikagua kila fundo, akavuta kila mkanda. Hakuona kosa, ingawa alitafuta.

"Kwenye yadi," Winchi alisema akimvalisha Mama kile kikalio, "dereva hasikilizi kelele za watu. Anamtazama mmoja tu, mpiga ishara. Kila mtu anaruhusiwa kusema simama. Lakini panda na shuka ni za mpiga ishara peke yake. Kidole juu, napandisha. Kidole chini, nashusha. Ngumi, nashikilia hapohapo. Leo ni wewe, Mama."

Mama alinyoosha kidole juu. Mnyororo ukalia taratibu, na yule bibi akaondoka kwenye kiti bila mtetemo, mzigo uliochukuliwa na mtu anayejua mizigo. Alipofika juu alifunga ngumi, kitanda kikasukumwa mahali pa kiti, akabaki anabembea kidogo, anaangalia chumba chake kipya kutoka kule.

"Hapaumi popote," alisema kwa mshangao. "Miaka miwili sijabebwa bila kuumia."

Dada aligeukia dirisha. Winchi ndipo alipouona ule mkono nyuma ya kiuno, ambao tangu asubuhi ulikuwa haujatoka pale, na chini ya gauni la nesi umbo la mkanda mgumu, ule wanaovishwa wagonjwa wa mgongo. Alikumbuka Jumapili zote mia moja na kitu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na yeye hata hilo kanda hakuwahi kulipokea.

Mama alielekeza kidole chini. Alipokwisha kulala vizuri, mto kuwekwa na kitanda kusogezwa pembeni, alisema, "Sasa mpandishe dada yako."

"Mimi siumwi," dada alisema.

"Ukininyanyua huwa nasikia unavyosaga meno. Nyonga ndiyo iliyovunjika, mwanangu, masikio ninayo. Keti."

Dada alisema atakaa kidogo tu, kwa ukaguzi. Alikaa. Winchi alivuta mnyororo polepole kuliko alivyowahi kuvuta kitu, mpaka visigino vya dada yake vikaachana na sakafu, kisha vidole. Mgongo ule, uliokuwa umejikaza miaka miwili, ulianza kuachia kidogo kidogo.

"Haya, nimeona, ni imara," dada alisema. "Shusha."

Winchi alimtazama mpiga ishara. Mama alikuwa ameegemea mto, mkono umeinuliwa, ngumi imefungwa.

"Shusha, nimesema. Nina kazi nyumbani."

Ngumi haikufunguka, na Winchi akashikilia. Dada alisema tena shusha, kwa sauti ndogo zaidi, kisha akaegemeza kichwa kwenye turubai na kufumba macho, akaacha kusema.