Rangi ya Koti la Nahodha

Mwadini ameendesha basi Landani miaka ishirini na nane. Jumapili hii, nyuma ya duka la Ajay pale Kenton, alikuwa ameketi na kikombe cha chai mkononi.

Ajay, Mhindi mzaliwa wa Kisumu, alikuwa na wazimu mmoja tu: Kituo cha Saba, ule mchezo wa anga za juu ulioonyeshwa na televisheni ya Uingereza miaka nenda miaka rudi. Vyombo vya angani vilikuwa maboksi na gundi, na bado watu wazima walijificha nyuma ya makochi. Tuseme kweli, kutisha watu kwa kadibodi ni kipaji. Lakini kanda ya sehemu ya tisa ilifutwa zamani. Imebaki sauti tu, iliyonaswa na mtu sebuleni kwake, na mwishoni mna dakika mbili za kimya kitupu. Ajay na wenzake walikuwa wanaichora upya, picha baada ya picha, na kile kimya kiliwashinda.

Mwadini akajitokeza. Yeye aliiona sehemu hiyo Unguja, mwaka wa sabini na nne, akiwa na miaka kumi: televisheni moja ya rangi, ukumbi wa mtaa umefurika hadi sakafuni. Aliikumbuka neno kwa neno, maana dada yake Raya, msichana wa sekondari, ndiye aliyewatafsiria watu wote. Raya alifariki mwaka juzi. Kumbukumbu hii Mwadini aliitunza kuliko picha za dada yake.

Ajay akabonyeza kitufe. Sauti ya nahodha ikakwaruza, ikimsemesha Malkia wa Barafu.

"Hapo anamuuliza hali ya mama yake," Mwadini akasema.

Ajay akasita. "Hapana, bwana. Hapo yeye anaitisha mafuta ya injini."

Kiingereza Mwadini alikijua siku hizi, na mafuta aliyasikia mwenyewe. Akasikiliza tena, na tena. Hapakuwa na mama, wala yule mtoto aliyepotea, wala msamaha uliowaliza akina mama ukumbi mzima. Raya hakuelewa hata neno moja! Alitunga kila kitu papo hapo, mkavu wa macho, na watu wakamwamini. Mwadini aliona aibu, akaweka kikombe chini na kuchukua koti lake.

Ndipo kile kimya cha mwishoni kikaingia.

"Ngoja," akasema, bado amesimama. "Malkia ameanguka. Nahodha anavua koti, anamfunika. Anakaa kitako pembeni yake, basi."

"Una hakika hii si ya Raya?" Ajay aliuliza kwa upole.

"Hapa Raya hakusema kitu, bwana. Alikuwa analia. Hii n'liiona kwa macho yangu."

Ajay akashika penseli. "Koti lilikuwa rangi gani? Huku Uingereza televisheni za wengi hazikuwa na rangi, waliona kijivu tu."

"Zambarau. Bitana ya manjano."

Ajay alichora mpaka chai ikapoa. Kisha akafungua daftari jingine, jipya, akalilaza mezani.

"Sasa nipe ile ya Raya," akasema. "Yote, kutoka mwanzo."

Mwadini akavuta kiti. "Anamuuliza hali ya mama yake," akaanza.