Mgonjwa Amezimia

Kompyuta ya nyumbani kwetu ilikuwa na jina, na jina hilo ndilo lililotuponza.

Binti yangu aliiunda kwa mikono yake, kipande kwa kipande, kwa miezi minane. Leo analeta kasha la chuma, mwezi ujao feni, kisha ramu, vile vijiti vya kumbukumbu, kisha ule ubao mkubwa wanaouita mazabodi. Siku ilipowaka alikaa sakafuni akaitazama kama mzazi anayehesabu vidole vya kichanga.

Haikumaliza wiki mbili ikaanza kuzima. Umeme haujakatika, taa inawaka, redio inaongea, yeye peke yake anazima kama mshumaa uliopulizwa. Ukimwasha anakubali. Baada ya saa moja au siku mbili, anazima tena, na hakuna ajuaye kwa nini.

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, ambaye tunaishi naye, akasema, "Hii si kompyuta. Huyu ni mgonjwa."

Jina likaganda. Tangu siku hiyo hatukusema imezima. Tulisema Mgonjwa amezimia, kama tunavyosema juu ya mtu. Na mimi nilikuwa na jibu langu la kila siku: "Mpepee, ataamka." Tulikuwa tunacheka.

Binti hakucheka sana. Alikuwa amepata kazi yake ya kwanza ya maana: anatumiwa sauti za mikutano, anasikiliza, anaandika kila lililosemwa, anarudisha kwa saa aliyopangiwa. Walimpa wiki sita za majaribio. Akichelewesha mara tatu, basi. Mgonjwa alikuwa ameshamchelewesha mara mbili.

Sasa niseme la kwangu, maana ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Mimi ni dobi. Nafua na kupiga pasi nguo za watu, na meza yangu ya pasi iko ukumbini, nje ya chumba cha binti. Nyumba ni ya zamani, chumbani mwake hamna pa kuchomeka kitu. Soketi ya karibu ni moja tu, ile ya ukumbini nyuma ya meza yangu, nayo ina matundu mawili, wakati ekstensheni aliyonunua ilikuwa na plagi ya miguu mitatu. Aliniambia, "Mama, tusubiri, nitamleta fundi abadilishe ukutani." Mimi nikaona mtoto amengoja miezi minane, angoje tena? Alipotoka, nikachukua koleo, nikaung'oa ule mguu wa tatu. Ulitoka kama jino bovu. Nikachomeka, nikapitisha waya chini ya mlango, na aliporudi nikamwambia, "Nimekutafutia tundu." Akanikumbatia, hakuuliza. Na pasi yangu nayo nikaichomeka kwenye ekstensheni hiyohiyo, maana sasa tundu la ukutani lilikuwa limechukuliwa.

Nilidhani ule mguu ni pambo. Miwili inaleta umeme, wa tatu wa nini?

Binti akaanza kumtibu Mgonjwa wake. Kwanza akasema ni joto. Akafungua kasha, akapuliza vumbi kwa brashi ya rangi, akaongeza feni. Mgonjwa akazimia. Akasema ni ramu. Akazitoa zile mbili, akasugua meno yake kwa kifutio cha penseli, akairudisha moja, akangoja siku mbili, akaweka nyingine. Akazimia kwa zote. Akaazima pawa saplai kwa mwanafunzi mwenzake wa zamani, hicho ndicho kisanduku kinachogawa umeme mle ndani. Siku moja nzima salama, tukaanza kushukuru. Siku ya pili, saa nne asubuhi, chwi.

"Wifi," wifi akaniita, "amezimia."

"Mpepee, ataamka."

"Huyu anataka mganga, si upepo."

Ndipo binti akanipa daftari. "Mama, wewe ndiye unayeshinda nyumbani. Kila akizimia, andika saa, na uandike kulikuwa na nini. Hata jambo dogo."

Niliandika kwa uaminifu. Mvua. Friji imenguruma. Wifi anafagia. Jirani anatoboa ukuta. Mara ishirini na tatu niliandika, na hati yangu si mbaya. Lakini pasi sikuiandika hata mara moja. Mimi hupiga pasi tangu asubuhi mpaka alasiri, siku sita kwa wiki. Nani huandika kwamba alikuwa anapumua?

Jumapili Mgonjwa hakuwahi kuzimia. Wifi akasema hata yeye anajua siku ya mapumziko. Tukacheka tena, tukaenda zetu.

Na kulikuwa na kutekenya. Ukigusa kasha siku nyingine unasikia vidole vinatekenywa, kama mdudu anatembea. Binti akasema ni umeme mdogo wa mwilini, wa nguo na zulia, wala si kitu. Wifi akawa anamsogezea mkono makusudi. "Mgonjwa ana utani na mawifi." Daftarini hilo nalo sikuliandika, maana nilidhani ni mchezo.

Jumatano akaja fundi wa redio wa mtaa wa pili, mtu mzima ambaye tunamwita Taratibu, kwa kuwa hata kikombe cha chai hukinywa kama anakipima. Akachungulia kasha, akasikiliza feni, akatikisa nyaya. Kisha akaniuliza mimi, si binti, "Mama, huyu anakula wapi? Plagi yake iko wapi?"

Iko nyuma ya meza yangu ya pasi, na juu ya meza kuna mashati kumi na manane yanayosubiriwa. Na nyuma ya meza kuna ile plagi niliyoing'oa mguu. Nikaona haya.

"Iko salama," nikasema. "Inashika vizuri."

"Nisogeze meza kidogo tu."

"Fundi, mashati ya watu yatachafuka. Tatizo liko humo ndani ya sanduku."

Akanitazama, akasema atarudi Ijumaa na kipimo chake. Mtu mpole hashindani na mwenye nyumba. Laiti ningempisha, hata dakika mbili tu.

Alhamisi ilikuwa siku ya kurudisha kazi, mwisho saa sita mchana. Saa nne na nusu Mgonjwa alizimia na hakutaka kuamka. Binti hakulia. Alisema, "Ramu imelegea, nitaikaza, nina saa moja na nusu." Wifi ndiyo kwanza amemaliza kudeki, sakafu ya saruji bado mbichi. Binti akavua viatu. Alikuwa amefundishwa kwamba kabla hujagusa ramu lazima umeme mdogo wa mwilini ushuke, usije ukaunguza kitu. Unazima swichi ya nyuma, unaacha waya umechomekwa, unashika chuma cha kasha, na umeme wako unapita kwenye ule mguu wa tatu mpaka ardhini. Ndivyo wenye kujua wanavyofanya. Alifanya kila kitu kama alivyofundishwa.

Mguu wa tatu alikuwa nao mama yake, kwenye kopo la vifungo.

Mimi nilikuwa kwenye shati jeupe. Sikusikia kelele, wala kitu kuanguka. Nilimsikia wifi tu, mlangoni kwa binti, akisema:

"Wifi, amezimia."

Na mimi, bila kuinua macho, nikasema, "Mpepee, ataamka."

Nikamaliza kola. Kola ina upande wa nje na upande wa ndani. Nilipiga zote mbili.

Kisha nikasikia kishindo. Wifi alikuwa amemshika binti bega akarushwa mpaka ukutani, na sauti iliyomtoka haikuwa na mzaha. "Si Mgonjwa, wifi. Ni mtoto."

Niliivuta ekstensheni ukutani kwa mikono miwili. Alikuwa amepiga magoti, kichwa kimelalia kasha, mkono wa kulia umelikamata chuma kana kwamba amekatazwa kuachia. Jirani yetu muuguzi alikuwa nyumbani, zamu yake ni ya jioni, akaja mbio na kanga moja, akamkandamiza kifua mpaka jasho likamdondokea mtoto usoni. Moyo ulirudi. Sote tulisikia alivyovuta ile pumzi.

Taratibu alikuja Ijumaa na kipimo chake, kama alivyoahidi. Alisogeza meza, hakuna aliyemzuia. Akaokota plagi, akaigeuza, akaona kidonda. Akaishika pasi yangu, akafuata waya wake mpaka pale unapoingilia mpini, pale panapopinda kila siku, akanionyesha mpira uliopasuka na shaba iliyokuwa inagusa chuma.

"Umeme ulivuja hapa," akasema. "Ungekuwapo ule mguu wa tatu, na tundu lake ukutani, ungekwenda ardhini, na fyuzi ingekatika siku ya kwanza. Haukuwapo. Basi ukapitia ule waya wa ardhi ndani ya ekstensheni, ukapanda kwenye chuma cha kasha, ukangoja. Wewe una ndala na mpini wa plastiki, hukuuona."

"Na kuzimia?"

"Plagi ya miguu miwili inalegea. Pasi ikivuta moto, mwenzake kompyuta anakosa."

Wazee walisema figa moja haliinjiki chungu. Nikaongeza langu kimoyomoyo: hata mawili hayatoshi, na mimi nimeinjika hapo mtoto.

Akabadilisha tundu la ukutani, akaweka plagi nzima, akaiwasha kompyuta. Imewaka mwezi wa pili sasa na haijazima hata mara moja. Mgonjwa amepona.

Binti yuko nyumbani. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilikatwa, vilivyobaki vinatetemeka. Husahau neno katikati ya sentensi, ananitazama kama ninalo mimi. Kazi ile alipewa mtu mwingine. Waliandika barua ya upole sana. Jina la Mgonjwa hakuna anayelitamka tena humu ndani.

Wiki iliyopita aliniomba daftari. Nilikuwa nimeshamweleza yote, koleo, haya yangu mbele ya Taratibu, na kola. Alisikiliza, hakusema nimekusamehe, wala hakusema kinyume. Alichukua kalamu kwa mkono wa kushoto, akaanza juu kabisa, na mwishoni mwa kila mstari wangu akaongeza neno moja. Mvua, pasi. Friji, pasi. Wifi anafagia, pasi. Herufi kubwa za kupinda, kama za mtoto wa darasa la kwanza. Ilimchukua asubuhi nzima. Alipofika mstari wa ishirini na tatu akanisukumia daftari.

"Ya Alhamisi haijaandikwa," akasema.

Nimeiandika jana. Saa nne na nusu, sakafu mbichi, pasi, mama yake alikuwepo.

Wewe unayesoma, kama kuna kitu kinazimazima nyumbani kwako, usianzie ndani ya sanduku. Sogeza meza kwanza. Hesabu miguu ya plagi. Na mtu akiita kwamba amezimia, weka chini ulichoshika uende ukatazame ni nani.