Orodha Niliyoiandika Mimi

Niseme mapema ili tusisumbuane: nina hasira. Nina hasira na Njoka, mwenyekiti wa klabu yetu. Nina hasira na baba yangu mzazi. Nina hasira na wale watu wawili waliokuja Maua na vichupa vya mkojo ndani ya sanduku la barafu, wakiwa wamevaa makoti ya buluu na nyuso za watu wasiodaiwa salamu. Yupo na mwingine ninayemkasirikia kuliko hao wote, na huyo nitamfikia.

Jina langu ni Makandi, mzaliwa wa Igembe, kule Meru, ila kazi imenileta Runyenjes. Mimi ndiye mtaalamu wa viungo wa timu ya mpira ya hapa. Nafunga bandeji, nakanda misuli, naamua nani anaweza kucheza na nani akae nje. Wachezaji huniita daktari. Mimi si daktari, lakini jina ni tamu na sikuwahi kuwasahihisha.

Duarte Falcoeiro alifika kwetu Januari akiwa na miaka thelathini na mitano. Mreno, mshambuliaji, namba tisa. Siku ya kwanza watu waliacha ndizi zao sokoni wakaja uwanjani kumwangalia, na baada ya nusu saa wakaanza kucheka. Mreno gani anayekuja kucheza Runyenjes, daraja la pili? Si lazima awe mbovu?

Nitawaambia Mreno gani. Alianza na klabu ya mji wao mdogo huko Alentejo akiwa na miaka tisa. Alipofika kumi na saba, klabu kubwa ya Lisbon ikamnunua, ikampa dakika ishirini na nane za ligi kuu. Ndiyo, dakika. Halafu ikamtoa kwa mkopo mara nne, kama jembe la kijiji. Goti likakatika. Akarudi, akafunga magoli daraja la pili, akaenda Saiprasi, akaenda Romania, akaenda Angola, kisha akacheza Tanga misimu miwili na huko akajifunza Kiswahili cha kututia aibu sisi tuliokisomea darasani kwa viboko. Kila alikokwenda alifunga. Kila alikokwenda waliahidi mambo wakayameza. Sijamsikia akilalamika hata mara moja, na hilo pia lilikuwa likinikasirisha.

Kitu kimoja tu alikuwa anakitaka. Mwanzoni mwa Februari ile klabu ya kwao, iliyokwisha kupanda hadi daraja la tatu, ilimpigia simu. Walimwita arudi amalizie mpira pale alipouanzia. Msimu mmoja, kuanzia Agosti. Alinieleza nikimkanda lile goti bovu.

"Mama yangu anaishi mkabala na uwanja," alisema. "Miguu yake haiwezi safari. Hajaniona nikicheza tangu nina miaka kumi na saba."

"Na sharti lao ni nini?"

"Leseni safi na goti linalokunjika. Leseni ni juu yangu. Goti ni juu yako, daktari."

Basi nikalishughulikia goti.

Sasa hiyo orodha. Februari, shirikisho lilikuwa limetuma waraka kwamba kila klabu iwafundishe wachezaji kuhusu dawa zilizokatazwa. Kurasa kumi na moja za majina yanayovunja ulimi. Njoka alinirushia mezani. "Daktari, tengeneza kitu fupi hapo, vijana wasome wakielewa."

Niliketi katika stoo ya jezi nikaandika ukurasa mmoja kwa Kiswahili chepesi. Dawa za mafua. Dawa za kikohozi. Sindano za maumivu. Vidonge vya kukonda. Bangi nikaiandika kwa herufi kubwa na kuipigia mstari. Ukurasa wa saba wa waraka ulikuwa na neno kathini, nami nikalipita. Si kwamba sikulijua. Chuoni niliulizwa kathini hupatikana wapi, nikajibu kwamba hupatikana kwenye miraa, vile vijiti vya kutafuna na kuchangamka, nikapata alama zangu. Lakini hayo yalikuwa mambo ya mtihani. Miraa ni ya nyumbani. Miraa ndiyo iliyojenga nyumba yetu ya mawe, ndiyo hupelekwa mtu anapokwenda kuposa, ndiyo hutolewa waliogombana wakipatanishwa. Uingereza walipoipiga marufuku nilikuwa Nairobi, na nilikosana na msichana niliyekuwa nikikaa naye chumba kimoja kwa sababu alisema ni dawa za kulevya. Sisi watu wa Igembe tumeitetea miraa miaka mingi mno, mpaka tumeacha kujiuliza ni nini.

Wachezaji wengine waliikunja ile karatasi wakafungia njugu. Duarte aliikunja mara nne akaitia kwenye pochi. Mtu akiwa na jambo moja tu la kupoteza hulilinda.

Jumapili ya mwisho ya Aprili tulikuwa na mechi ya kupanda daraja, ugenini, Maua. Nyumbani kwetu ni mwendo wa dakika ishirini tu kutoka uwanjani. Asubuhi saa tatu baba akanipigia simu.

"Mlete huyo Mreno nimsalimie. Umemsifu tangu Januari."

"Baba, ana mechi saa tisa."

"Nimesema kumsalimia. Simfungi kamba."

Nikamwomba kocha ruhusa, akatoa, nikampeleka. Baba yangu, Mzee Kobia, alikuwa ameshapanda mwenyewe, katika umri wake, kwenye miti aliyoachiwa na babu yake. Miti hiyo haichumwi ya kuuza. Mgeni anayeingia kwetu mara ya kwanza hufungiwa kitita kutoka miti hiyo, katika jani la mgomba, na mzee humkabidhi kwa mkono wake. Ukikataa umekataa amani ya boma. Hakuna mtu ninayemfahamu aliyewahi kukataa.

"Karibu, kijana," baba alimwambia kwa Kiswahili chake cha Maua. "Hii si ile ya soko. Hii ni ya babu. Kula polepole."

Duarte aliipokea kwa mikono miwili na kuinamisha kichwa. Kisha, badala ya kuanza kutafuna, akaiweka juu ya paja, akatoa pochi, akaikunjua orodha yangu. Akaisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, kutoka juu hadi chini. Akanigeukia.

"Daktari, hii sikuiona hapa. Naruhusiwa?"

Nikacheka. Nilicheka sana, jamani. Nilicheka mpaka nikashika nguzo ya baraza, na baba naye akacheka kwa kuniona nikicheka.

"Duarte, hiyo si dawa," nikamwambia. "Hiyo ni kama chai."

Akaona haya. Akacheka nasi kidogo, akairudisha karatasi kwenye pochi. Baba akamfundisha kumenya ganda kwa meno, na kwa muda wa saa mbili hivi wakakaa pale wakizungumza kuhusu mizeituni ya kwa kina Duarte na miraa ya kwetu, ni mti gani huvumilia ukame zaidi. Nilifurahi. Niliwapiga picha.

Saa tisa alicheza kama mtu aliyerudishiwa goti lake. Alifunga la kwanza kwa mguu wa kushoto na la pili kwa kichwa, dakika ya themanini, katikati ya mabeki wawili waliomzidi urefu. Tukapanda daraja. Njoka alilia hadharani. Nilikuwa bado nimekumbatiana na kocha wakati wale wapimaji wa makoti ya buluu walipomgusa namba tisa begani na kumwomba aandamane nao.

Wiki tatu baadaye barua ikaja. Kathini, kupita kiwango.

Niliisoma nimesimama. Neno lenyewe nililitambua mara moja, kama lilivyokuwa kwenye karatasi ya mtihani. Kwa kosa hilo angeweza kufungiwa miaka miwili. Mchezaji wa miaka thelathini na mitano akifungiwa miaka miwili, amekwisha.

Nikaenda hadi kwetu kugombana na baba. Ndiyo, nilikwenda kugombana na mzee wa miaka themanini aliyempa mgeni heshima.

"Mimi nimekula miraa miaka sitini," alifoka, "na sijafunga goli hata moja! Kama ingekuwa inafungisha magoli, si Maua yote ingekuwa Ulaya?"

"Baba, imekatazwa!"

"Nani amekataza? Na wewe ulikuwa umesimama wapi nikimpa? Hiyo unayoiita dawa ndiyo iliyokusomesha hiyo shule ya madawa. Mimi ni mkulima, Makandi. Kujua hayo mengine ilikuwa kazi ya nani?"

Nikaondoka bila kuaga.

Kisha Njoka. Huyo alinisubiri ofisini kwetu, pale juu ya duka la pembejeo, na barua imeshapigwa chapa. Ilisema kwamba mimi, Makandi, mnamo Februari nilimwonya mchezaji Duarte Falcoeiro kwa mdomo asitumie miraa wala muguka, ile ya majani, naye akakiri kuelewa.

"Sijasema hivyo mimi," nikamwambia.

"Daktari, skiza. Wakijua klabu haikufunza wachezaji, watatunyang'anya hizo points. Turudi chini tena? Huyu Mreno ni mtu wa kwenda. Wewe na mimi ni wa kubaki hapa. Sign tu."

"Na yeye?"

"Ameshacheza mpira ya kutosha."

Nilimtupia karatasi yake usoni. Najua si adabu, ni mkubwa wangu, ana umri wa mjomba wangu. Nilimtupia na ningekuwa na kiti chepesi ningetupa na kiti. Akanikumbusha taratibu kwamba mwenye kuandika ile orodha ni mimi, jina langu liko chini yake, na mtaalamu anayesahau miraa akiwa mtoto wa miraa hatapata kazi tena hata ya kukanda mbuzi. Hapo alisema kweli, mshenzi yule.

Kesi ilisikizwa kwa kompyuta, mchana, Njoka akiwa kushoto kwangu na Duarte kulia. Kwenye kioo walikuwa watu watatu, na aliyeongoza alikuwa mama mmoja wakili mwenye miwani. Akauliza kama mchezaji alipata kuonywa.

Njoka akanikanyaga mguu chini ya meza.

"Hakuonywa," nikasema. "Aliniuliza. Alisoma orodha yangu mbele yangu, hakuiona miraa, akaniuliza kama anaruhusiwa. Nikamwambia ni kama chai."

"Wewe ulijua miraa ina kathini?"

"Nilijua."

"Ulijua kathini imekatazwa siku ya mechi?"

"Ilikuwa kwenye waraka niliofanyia muhtasari. Nilijua."

Yule mama alivua miwani akanitazama. Nami nikatazamwa. Mimi ndiye yule niliyesema nitamfikia. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nimevaa koti jeupe.

Wakatoka, wakarudi. Wakasema wameuzingatia ukweli wangu, na uaminifu wa mchezaji, na kwamba hakukusudia. Lakini mchezaji ndiye mwenye kinywa chake. Badala ya miaka miwili wakampa miezi minane. Njoka akashusha pumzi, kwa kuwa klabu hawakuigusa kabisa. Akatoka mbio na simu sikioni kuwapa watu habari njema.

Miezi minane, kuhesabu kutoka Aprili, inaishia Desemba. Jioni ile ile Duarte alipiga simu kwao, pale pale ofisini, kwa Kireno. Sikuelewa neno, lakini mtu anayekataliwa anasikika katika lugha zote. Hawawezi kumngoja. Wameshamwona kijana mwingine.

Akaiweka simu mezani. Nikangoja anishukuru. Nasema wazi, na naona haya kuliandika: nilingoja. Nilikuwa nimeichoma kazi yangu mbele ya watu kwa ajili yake, nimempunguzia mwaka mzima na zaidi, nikadhani kuna neno ninalomdai.

"Usinitazame hivyo," akasema. "Ukweli wako umechelewa, daktari."

"Najua. Nisamehe."

"Sijaomba msamaha wako. Nina swali moja. Siku ile kwa baba yako, nilipokuuliza, ulikuwa unacheka nini?"

Ningeweza kumdanganya. Ningemwambia nilicheka kwa furaha ya kumwona nyumbani kwetu. Lakini nilikuwa nimechoka, na nilikuwa na hasira, na hasira hiyo haikuwa na mtu mwingine tena wa kuiendea.

"Nilikuona mjinga," nikamwambia. "Mtu mzima anatoa karatasi kabla ya kutafuna tawi. Nilikuona mshamba."

Akatikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyepewa jibu alilokuwa nalo tayari. Akachukua begi lake.

"Na mimi nilikuona daktari," akasema.

Akatoka na kuufunga mlango polepole, kwa adabu zake zile zile za Tanga. Ningependa sana angeubamiza.