Mke Mkubwa wa Mikdad

Simu iliita Bi Mwanvita akiwa kibarazani kwake Dunda, ungo wa mchele mapajani, akichambua chuya.

"Naongea na Lulu wa Dunda?" sauti ya kike iliuliza, kavu kabisa.

"Ndiye mimi hasa," akajibu kwa madaha. Jina hilo marehemu mumewe ndiye aliyempa, na tangu alipofariki hakuna aliyemwita hivyo kwa mdomo. "Nani mwenzangu?"

"Sajenti Ashura, kituo cha polisi. Kuna malalamiko hapa kwamba umemtishia mtu kumuua kwa njia ya mtandao. Uje kesho saa tatu asubuhi. Usipokuja tutakufuata."

Ungo ulimponyoka, mchele ukatapakaa sakafuni, na kuku wa jirani hawakungoja kukaribishwa.

Tuseme kweli: vitisho alivitoa. Alivitoa vingi, tena kwa raha zake, kila asubuhi baada ya chai.

Mjukuu wake Mikdad alikuwa anaoa. Alikuwa fundi mitambo kwenye meli ya mizigo iendayo Ngazija, na kabla ya kusafiri aliweka kwenye Facebook picha ya mchumba wake, Hajra, mwalimu wa chekechea wa Vigwaza. Sasa, kwa watu wa pwani bibi na mjukuu wake wa kiume ni mke na mume kwa utani. Mikdad angali ananyonya, Bi Mwanvita alikuwa akimwita "mume wangu" na kumdai kanga za Idi. Mjukuu wa namna hiyo akileta mchumba, bibi hana budi kumgombania. Bibi anayenyamaza ndiye wa kuogopwa, kwa sababu kimya chake maana yake hamtaki huyo bibi harusi. Bi Mwanvita alimtaka Hajra sana. Kwa hiyo alimtukana sana.

Kama magoti yangemruhusu, angepanda gari na ujumbe wa posa, akamshambulia binti ana kwa ana huko huko Vigwaza, wakacheka wote, wakapigana viganja, mambo yakaisha. Magoti hayakumruhusu. Lakini Mikdad alikuwa amemnunulia simu ya kupangusa, na vidole vyake vilikuwa vizima kabisa, basi akamshambulia chini ya picha ile ile ya Facebook.

Kwenye ukurasa wake alijiita Lulu wa Dunda. Picha aliyoiweka alipigwa siku ya Idi akiwa na miaka ishirini, nywele za afro, gauni la kubana kiuno na viatu vya raizoni vya soli nene. Ilikuwa picha nyeusi na nyeupe, lakini fundi wa studio mjini aliitia rangi kwa kompyuta, midomo ikawa myekundu na gauni likawa la samawati. Akatokea binti ambaye wanaume watatu wa Tanga walimwomba urafiki katika juma la kwanza. Bi Mwanvita hakuwajibu, lakini hakuwafuta pia.

Hajra hakuwahi kumwona Bi Mwanvita, wala hakuwahi kusikia habari za Lulu yeyote. Alichokiona yeye ni mwanamke kijana, mzuri kupita kiasi, anayesema ndiye mke mkubwa wa mchumba wake na kwamba atamkata miguu. Ungekuwa wewe, ungehama mkoa.

Jioni ile mwana wa mwisho wa Bi Mwanvita, Masoud, baba mdogo wa Mikdad, alikuja kumsomea habari za sheria kutoka kwenye simu yake.

"Sheria ya Makosa ya Mtandao, mama. Miaka isiyopungua mitatu jela, au faini isiyopungua milioni tano, au vyote viwili."

"Vyote viwili? Kwani nimeua?"

"Umesema utaua."

Jela ilimtisha Bi Mwanvita, asikudanganye mtu, lakini kilichomkosesha raha kilikuwa kingine. Maneno hayo alimwandikia Hajra peke yake. Basi aliyeshtaki ni Hajra. Harusi ilikuwa imebaki wiki tatu, bwana harusi yuko baharini na simu yake haipatikani tangu meli ing'oe nanga, na huku bibi yake amemvunjia nyumba kabla haijajengwa. Alimlea Mikdad tangu baba yake alipokufa. Alichambua upya mchele aliouokoa kwa kuku, akaenda kulala bila kuupika.

Kesho yake saa tatu kasorobo walikuwa kituoni, yeye na Masoud. Alivaa baibui lake la kuendea mazishini. Sajenti Ashura, mama wa makamo mwenye miwani puani, aliinua kichwa kutoka kwenye makaratasi yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Mjukuu wako yuko wapi? Mwambie aingie."

"Mjukuu gani?"

"Huyo Lulu."

"Lulu ndiye mimi."

Sajenti akaitazama picha iliyochapishwa mezani pake. Akamtazama Bi Mwanvita. Akavua miwani, akaifuta kwa leso ndogo, akaivaa tena, akaangalia upya vyote viwili.

"Keti, bibi," akasema taratibu.

Kwenye benchi la ukutani walikuwa wameshaketi Hajra na baba yake, Mzee Sufiani, mkulima wa matikiti wa Vigwaza, mtu mrefu mwenye kanzu iliyopigwa pasi ikasimama yenyewe. Mzee hakuwa amesikia walichosemezana mezani. Alipomwona Masoud, aliyekuwa kwenye ujumbe wa posa, aliruka.

"Huyu! Afande, huyu ndiye aliyenithibitishia! Nilimpigia simu nikamuuliza kistaarabu, je, kijana wenu ana mke mwingine huko Dunda? Akanijibu, 'Anaye mke mkubwa, mkali kama pilipili, na binti yako ajihadhari.' Tena akacheka!"

Masoud akatazama dari. "Mzee wangu, nilidhani unatania."

"Nimtanie nani, wewe? Nimeshakuwa mtani wako lini?"

"Kimya," Sajenti Ashura akasema. "Hapa tunachukua maelezo." Akachukua karatasi ya kwanza na kuanza kusoma, kwa sauti ile ile ya kusomea orodha ya baiskeli zilizopotea. "Tarehe tatu, saa moja na nusu asubuhi. 'Wewe mwanamke, Mikdad ni mume wangu tangu hujazaliwa.' Uliandika wewe?"

"Niliandika."

"Tarehe nne. 'Ukikanyaga Dunda nitakukata hiyo miguu yako kama mihogo ya Fukayosi.' Hapa kuna kikatuni cha kisu."

"Kisu cha mboga hicho, mwanangu."

"Sheria haijatenga kisu cha mboga. Tarehe sita. 'Nitakukatakata vipande, nikutie pilipili na ndimu, nikuuze sokoni pamoja na pweza.' Visu viwili, na moto."

Kule kibarazani maneno hayo yalikuwa matamu. Yakitoka kwenye kinywa cha polisi, bila kicheko, bila kiganja cha kupigia, Bi Mwanvita aliyasikia kana kwamba yameandikwa na mtu asiyemjua, tena mtu mbaya. Alitamani dakika ile sakafu ipasuke immeze na baibui lake.

"Chini yake watu kumi na wanane wameandika," Sajenti akaendelea. "'Mkate huyo, Lulu, sisi tutakushikia miguu.' 'Dunda nzima tuko nyuma yako.'"

"Hao majirani," Bi Mwanvita akasema kwa sauti ndogo. "Walikuwa wanachekelea tu."

"Huyu binti angejuaje?"

Mzee Sufiani alikuwa amekunja uso, akimtazama Bi Mwanvita, kisha karatasi, kisha Bi Mwanvita. "Ngoja kwanza. Lulu ni huyu mama?"

"Ni bibi yake Mikdad, mzee," Masoud akasema. "Mzaa baba."

Mabega ya Mzee Sufiani yakaanza kutikisika. Alijaribu kukohoa, akashindwa, na kicheko kikamtoka kikubwa hata askari wa kaunta akachungulia mlangoni. "Bibi mzaa baba! Lahaula! Na mimi nimekuja na panga ndani ya gari!"

"Una nini ndani ya gari?" Sajenti akauliza.

"La kukatia matikiti, afande."

Masoud naye akacheka, na hata Sajenti Ashura aliinamisha uso kwenye jalada kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Bi Mwanvita akaanza kupumua. Akadhani yameisha. Akamgeukia Hajra, tayari kumkaribisha kwenye kicheko.

Hajra hakuwa akicheka. Alikuwa amekaa wima, mikono imeshikana magotini, macho yamejaa machozi.

"Nyinyi mnacheka," akasema. "Mimi sikwenda kazini siku tisa. Siku ya kwanza ya vitisho nilikwenda, bodaboda ikasimama nje ya darasa, ikashusha mwanamke, nikafunga mlango nikausukumia meza. Nilikuwa na watoto ishirini na wawili mle ndani. Wakaniuliza, mwalimu, tunacheza mchezo gani? Nikawaambia tunacheza kimya. Alikuwa ni mama wa mtoto, ameleta daftari." Akajipangusa kwa ncha ya mtandio. "Na Mikdad simpati. Nikasema, basi, kweli ana mke, amenidanganya. Nilimlilia kama amekufa."

Masoud akatazama viatu vyake.

Bi Mwanvita alishika ukingo wa meza akasimama, magoti yakilalamika, akavuka hadi benchini na kuketi karibu na binti. Maisha yake yote alikuwa na neno la kuchekesha kwa kila jambo. Hata kwenye mazishi ya mumewe aliwachekesha waliomfariji. Alilitafuta sasa, hakulipata, na hakusikitika kulikosa.

"Mwanangu," akasema, "hapa sina utani. Nimekukosea. Nilikuona kwenye picha nikakupenda, nikataka nikuonyeshe kwamba wewe ni wetu. Kwetu ndivyo tunavyofanya. Lakini nilikufanyia mtu usiyenijua, uso wangu nimeuficha nyuma ya picha ya ujana, na wewe uko mbali, hukioni kicheko changu. Mikdad hana mke. Hajawahi kuwa naye. Usimwadhibu yeye kwa mdomo wangu. Ukitaka nishtakiwe, nitashtakiwa."

Sajenti Ashura akakohoa.

"Nieleze jambo ili lisichukuliwe mchezo," akasema. "Bibi, mahakamani ungesema ulikuwa unatania, na huenda hakimu angekuamini. Lakini hakimu asingeona ulivyokuwa ukicheka. Angeona kisu. Nimeona vijana wamelala rumande kwa maneno machache kuliko haya, na wao pia walisema ni utani. Lalamiko limefunguliwa, lina namba. Binti akitaka kuliondoa ataandika kwa hiari yake, nami nitampelekea mkuu wa kituo aamue. Na wewe utaahidi kwa maandishi, utafuta yote, na utaomba radhi pale pale ulipotukana, kwa jina lako na kwa sura yako ya leo."

"Ya leo?" Bi Mwanvita akashtuka.

"Ya leo."

Hilo lilimuuma kuliko milioni tano, lakini akaitikia kwa kichwa.

Mzee Sufiani akamgeukia binti yake. "Mama, mimi harusi nilikuwa nimeshaivunja moyoni mwangu. Sasa nimetulia, lakini sikuamulii. Aliyetishwa ni wewe. Ukisema turudi Vigwaza na mambo yaishe, tunarudi."

Hajra alimtazama Bi Mwanvita kuanzia ushungi hadi kandambili, polepole, kama mtu anayechagua kitambaa dukani. Bi Mwanvita alivumilia kutazamwa.

"Ile miguu kama mihogo," Hajra akasema mwishowe. "Ndivyo unavyoiona kweli?"

"Miguu yako mizuri, mwanangu. Niliona wivu tu."

"Hm." Hajra akainuka, akaenda mezani, akaomba kalamu. "Afande, nitaandika kwamba naliondoa. Lakini kabla sijaandika, nina maneno na huyu mwanamke."

"Sema."

Hajra akageuka. Akaweka mkono kiunoni. Midomo ilikuwa bado inamtetemeka, na ilikuwa vigumu kujua kama ni machozi yanayokwisha au kingine kinachoanza.

"Wewe kikongwe," akasema. "Nisikilize vizuri. Baada ya wiki tatu nakuja Dunda. Nikifika, Mikdad simkopeshi kwako hata Ijumaa. Wewe nakuhamishia banda la kuku. Hayo meno mawili yaliyobaki nayang'oa kwa koleo la baba, nayatoboa, navaa herini. Na ukinijibu, huyo pweza utauzwa naye wewe."

"Hajra!" Mzee Sufiani akapiga kelele. "Mbele ya polisi!"

"Binti, haya ni maneno ya vitisho," Sajenti Ashura akasema, kalamu hewani, hajui aandike au aiweke chini. "Unayasema ndani ya kituo?"

Lakini Bi Mwanvita alikuwa ameshajifunika uso kwa ushungi, analia na kucheka kwa pamoja, na ameunyoosha mkono wake wa kulia, kiganja wazi, mpaka Hajra akauona akaupiga kwa nguvu zake zote. Mlio wake ulisikika hadi kaunta.

"Yaandike, afande," Bi Mwanvita akasema alipoweza kusema. "Yaandike yote, usiache hata neno moja. Halafu nipe nakala yangu, Mikdad akirudi nimsomee alivyopata mke."